Mwenye Akili ni Nani?

Darasani juma lililopita kijana mmoja aliuliza: mwenye akili ni nani? Mmoja wa waliokuwapo akajibu kuwa ni yule ahifadhiye upesi. Mwengine akasema ni yule asiyeshindwa kwa maneno. Majibu haya hayatoshi, ndugu msomaji. Kasuku naye huhifadhi, na mwongo hodari hashindwi kwa maneno.

Neno akili tumelitwaa katika Kiarabu, nalo lina nasaba moja na iqali, yaani kamba afungwayo ngamia mguuni asipate kuondoka. Basi akili kwa asili yake ni kizuizi: humzuia mtu asitende alitakalo kabla ya kulipima, na huuzuia ulimi wake usiutangulie ujuzi wake. Yule apunjaye mizani sokoni, ambaye sisi humsifu kuwa ni mjanja, ni ngamia aliyekata kamba.

Tazama habari za Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, yapata mwaka 965. Huyu ndiye aliyebainisha katika kitabu chake cha Manazir kwamba jicho halitoi miale ya kuonea, kama walivyodhani wengi katika Wayunani, bali nuru ndiyo iingiayo jichoni kutoka katika vitu. Wasimulizi wa maisha yake hueleza kwamba alijinasibu kuwa aweza kuyatawala maji ya mto Nile. Al-Hakim, mtawala wa Misri, akamwita. Alipofika kusini, karibu na Aswan, akiwa ameyaona majengo makuu ya watu wa kale, alitambua kwamba lau jambo lile lingaliwezekana wao wangalilitenda. Akarejea, akakiri kwamba hawezi. Na al-Hakim hakuwa mtu wa kuchezewa. Husimuliwa kwamba mwanachuoni huyu alijitia wazimu mpaka mtawala yule alipotoweka mwaka 1021. Kujitia wazimu sikuhukumu; nakutakia kule kukiri.

Nami niandikaye haya nilipata kuulizwa masuala ya mirathi baada ya Alasiri, nikiwa na haraka: fulani amekufa, ameacha mke, mama na ndugu. Nikajibu papo hapo: mke robo, mama thuluthi, ndugu kilichosalia. Neno ndugu katika lugha yetu halibainishi mmoja wala wengi, nami sikuuliza. Usiku nikasikia kwamba ndugu wale ni watatu! Na wakiwa wawili au zaidi, mama hupewa sudusi, si thuluthi.

Nikaenda usiku ule ule. Fedha zilikwisha gawanywa. Nikasema mbele ya wote kwamba kosa ni langu. Mama wa marehemu akafungua pindo la kanga, akahesabu nusu ya alichopewa, akaiweka mkekani bila kuninenea neno. Sijapata kuona uzito kama ule.

Kijana wetu aliposikia kisa hiki akauliza: je, Sheikh, watu hawakupungua kukuamini? Nikamwambia wapo waliopungua, na mmoja wao hata leo huwapelekea wengine masuala yake.