Mti wa Chunguni Ukinyauka Huku Udongo Umelowa: Jinsi ya Kutibu na Kuzuia Kuoza kwa Mizizi

Wakazi wanaokuza miti ya matunda kwenye vyungu, ndoo na mifuko ya miche wanashauriwa kupima unyevu wa udongo kabla ya kumwagilia maji, hasa kati ya Juni na Agosti, wakati baridi na mawingu hufanya udongo ukauke polepole. Miti mingi inayokauka nyumbani msimu huu haifi kwa kiu. Hufa kwa sababu mizizi yake imeoza kutokana na maji mengi.

Hasara haiishii kwenye chungu. Wengi hununua miche ya parachichi, ndimu au machungwa na kuiweka kando ya nyumba kungoja mvua. Mche wenye mizizi iliyooza ukihamishiwa shambani huenda na ugonjwa wake, na ugonjwa ukishaingia kwenye udongo wa shamba ni vigumu sana kuuondoa. Somo hili linaeleza chanzo cha tatizo, dalili zake, hatua za kuokoa mti na namna ya kuzuia.

Kwa nini maji mengi huua mti

Mizizi hupumua. Katikati ya chembechembe za udongo kuna nafasi ndogo zinazobeba hewa, na mizizi hutumia oksijeni iliyomo ili ifanye kazi ya kunyonya maji na chakula. Mti ukimwagiliwa kila siku bila udongo kupata nafasi ya kukauka, nafasi hizo hujaa maji na hewa hutoka. Mizizi midogo ya kunyonya huanza kufa.

Hapo ndipo maradhi hupata mlango. Viumbe vidogo vinavyofanana na kuvu, viitwavyo Phytophthora na Pythium, hutoa mbegu ndogo zisizoonekana kwa macho ambazo huogelea kwenye maji ya udongoni hadi kwenye mizizi. Udongo uliolowa muda mrefu ni barabara yao. Parachichi huathirika zaidi kwa sababu mizizi yake ina vinyweleo vichache mno na haivumilii maji yaliyotuama. Aina iitwayo Phytophthora cinnamomi ndiyo adui mkubwa wa mizizi ya parachichi katika nchi nyingi zinazolima zao hilo. Ndimu na machungwa pia hushambuliwa na jamaa zake.

Kosa linalorudiwa

Mizizi ikioza, mti hauwezi tena kunyonya maji. Majani hulegea na kuinama, sawa kabisa na mti wenye kiu. Mwenye mti akiona hivyo huongeza maji. Kesho yake majani yamelegea zaidi, naye huongeza tena. Kila kopo la maji linaloongezwa humaliza mizizi michache iliyobaki.

Kwa hivyo, kabla ya kumwagilia mti ulionyauka, gusa udongo kwanza. Ikiwa udongo ni mkavu, mti una kiu. Ikiwa udongo umelowa, usiongeze hata tone.

Dalili za kuangalia

• Majani kugeuka rangi ya manjano, kuwa madogo kuliko kawaida na kudondoka, huku udongo ukiwa na maji.
• Matawi ya juu kuanza kukauka kutoka nchani.
• Mti kukaa muda mrefu bila kutoa majani mapya.
• Udongo kunuka uvundo, au ukungu wa kijani kuota juu yake.
• Mti kutikisika kwa urahisi ukishikwa shina.

Dalili hizi huweza pia kuletwa na mambo mengine, kama vile ukosefu wa mbolea. Uthibitisho uko kwenye mizizi. Mizizi yenye afya ni migumu na ina rangi nyeupe au ya maziwa, au hudhurungi hafifu kwa ile iliyokomaa. Iliyooza ni nyeusi au ya kahawia iliyokolea, na mara nyingi hunuka. Ukiuvuta mzizi uliooza, ganda lake huchomoka na kubaki uzi mwembamba mkononi.

Hatua za kuokoa mti

1. Acha kumwagilia. Weka mti kivulini mahali penye hewa, na umwage maji yote yaliyo kwenye sahani chini ya chungu.

2. Utoe mti kwenye chungu. Laza chungu upande, kigonge taratibu na uuvute mti pamoja na udongo wake. Usiung'oe kwa kuvuta shina. Mfuko wa miche upasuliwe kwa wembe.

3. Kagua mizizi. Pukusa udongo, kisha suuza mizizi kwa maji safi yanayotiririka. Ikiwa karibu yote ni myeusi na laini, mti huo hauna matumaini, na ni afadhali kuuondoa kuliko kuuacha uambukize mingine.

4. Kata sehemu zilizooza. Tumia makasi au kisu kikali na ukate hadi ufikie sehemu nyeupe. Safisha kifaa kwa spiriti kabla ya kuanza na kila unapohamia mti mwingine.

5. Punguza majani. Mizizi iliyopungua haiwezi kulisha matawi yote. Ondoa matawi yaliyokauka na upunguze baadhi ya yale laini.

6. Panda upya kwa udongo mpya. Usirudishe udongo wa zamani. Chungu kilekile kikitumika tena, kisuguliwe kwa sabuni, kisha kilowekwe kwa nusu saa kwenye mchanganyiko wa sehemu 1 ya dawa ya klorini ya kufulia na sehemu 9 za maji. Kisuuzwe vizuri kabla ya kutumika. Mti upandwe kwa kina kilekile cha awali, na kidonda cha kupandikizia kibaki juu ya udongo.

7. Mwagilia mara moja, kisha ngoja. Maji mengine yatolewe tu baada ya udongo wa juu kukauka. Usiweke mbolea hadi mti utoe majani mapya, kwa kuwa mbolea huunguza mizizi iliyojeruhiwa.

Udongo uliotolewa usimwagwe shambani, kwenye bustani ya mboga wala kwenye shimo la mboji.

Ziko dawa zinazosaidia dhidi ya ugonjwa huu, zikiwemo zenye viambato vya metalaksili na fosetili. Hata hivyo, hakuna dawa itakayouponya mti ambao bado umesimama kwenye maji. Anayetaka kutumia dawa amwone kwanza afisa wa ugani, anunue ile iliyosajiliwa na PCPB, bodi ya taifa inayodhibiti dawa za mimea, na afuate maelezo yaliyo kwenye kibandiko.

Jinsi ya kuzuia

Pima kwa kidole. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili, yapata sentimita 5. Ukihisi unyevu, ngoja. Njia nyingine ni kunyanyua chungu: chungu kikavu ni chepesi, kilicholowa ni kizito. Baada ya siku chache mkono huzoea tofauti hiyo.

Usimwagilie kwa ratiba. Mti uliohitaji maji mara kadhaa kwa wiki wakati wa jua la Februari huenda ukakaa wiki nzima bila kuhitaji maji mwezi wa Julai. Unapomwagilia, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha uache. Asubuhi ndio wakati mzuri.

Toboa mashimo. Ndoo ya rangi au mtungi wa mafuta uliokatwa unafaa kupandia iwapo una mashimo ya kutosha chini. Kiinue kidogo kwa vipande vya matofali ili mashimo yasizibwe na sakafu.

Usitegemee kokoto. Wengi huweka kokoto chini ya chungu wakiamini zinasaidia maji kutoka. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto hadi udongo ulio juu yake ulowe kabisa. Matokeo yake ni kwamba maji husimama karibu zaidi na mizizi. Jaza chungu chote kwa udongo mzuri.

Changanya udongo unaopitisha maji. Mchanganyiko unaotumika sana ni sehemu 3 za udongo wa juu, sehemu 2 za samadi iliyooza vizuri na sehemu 1 ya mchanga wa mtoni. Udongo wa mfinyanzi ukitumika peke yake hushika maji mno.

Chagua chungu kinachotosha mti. Mti mdogo kwenye chungu kikubwa sana huachwa na udongo mwingi uliolowa ambao mizizi yake haiwezi kuukausha.

Kagua kabla ya kununua. Nunua miche kwenye vitalu vilivyosajiliwa, na usione haya kuomba kuangalia mizizi ya mche mmoja. Epuka miche iliyopangwa kwenye ardhi yenye maji yaliyotuama.

Jipime

Mwangi ana mche wa parachichi kwenye ndoo. Majani yamelegea, na alipoingiza kidole udongo ulikuwa umelowa. Afanye nini?

Jibu: Asiongeze maji. Autoe mche kwenye ndoo akague mizizi, na ahakikishe ndoo ina mashimo kabla ya kupanda tena.

Mizizi yake ikionyesha dalili za ugonjwa, je, anaweza kuuhamishia shambani mvua za Oktoba zikianza?

Jibu: Hapana. Mche mmoja mgonjwa unaweza kulitia ugonjwa shamba zima.

Wakazi wanaoshuku kuoza kwa mizizi kwenye miche yao wanaombwa kuwasiliana na afisa wa kilimo wa wadi yao kabla ya kuipanda shambani.