TUFE, KWADRATIKI NA LILE JIBU LA HASI

Mimi ni mrushaji tufe wa shule yetu, na muhula uliopita nilikosa alama 2 za hesabu kwa sababu ya tufe hilo hilo. Swali liliuliza linaanguka umbali gani. Nikapata majibu mawili, nikayaandika yote mawili, nikaenda zangu kula. Wacha niwaeleze.

Tufe linaachiliwa mkononi likiwa mita 1.8 juu ya ardhi. Linakwenda mbele mita 8 kila sekunde, na mwanzoni linapanda kwa kasi iyo hiyo ya mita 8 kwa sekunde. Kasi ya mbele haibadiliki (upepo tuusahau). Ile ya kupanda ndiyo inayoliwa na mvutano wa dunia, kwa kiasi cha 10 kila sekunde. Hasa ni 9.8, lakini mtahini alituhurumia. Tukiuita muda t, kimo cha tufe ni:

1.8 + 8t − 5t²

Hiyo 5 ni nusu ya 10. Tufe likigusa ardhi kimo ni 0, kwa hivyo:

5t² − 8t − 1.8 = 0

Sasa ile kanuni tuliyoikariri sote: chukua 8, jumlisha au utoe kipeuo cha pili cha 64 + 36, kisha gawanya kwa 10. Kipeuo cha 100 ni 10. Basi t ni 1.8 au −0.2. (Usichanganye 1.8 hii ya sekunde na ile ya mita. Zimefanana kwa bahati tu.)

Tufe haliwezi kuanguka kabla halijatupwa, kwa hivyo tunashika sekunde 1.8. Mara 8, tunapata mita 14.4. Alama zangu 2 zilikuwa hapo.

Lakini lile −0.2 lilininyima usingizi. Ni jibu la nani? Nikachora mchoro, kumbe! Ukiirefusha njia ya tufe nyuma ya mgongo wangu, inagusa ardhi mita 1.6 nyuma yangu, sekunde 0.2 kabla sijatupa. Upande wa mbele ni vivyo hivyo: tufe likishuka hadi usawa wa mkono wangu, limekwenda mita 12.8. Zinazobaki kufika 14.4 ni zile zile 1.6. Yaani jibu lililonikosesha alama ndilo linalopima faida ya kutupia juu badala ya usawa wa ardhi. Na kocha anayetupigia kelele kila jioni, "Nyoosha mwili! Nyoosha mkono!", mimi nikidhani ni ukali tu!

Hesabu hii msiijaribu kwa mkuki. Mkuki hubebwa na hewa, na ule wa Julius Yego uliokwenda mita 92.72 kule Beijing mwaka 2015 hauwezi kuenea katika mlinganyo huu mdogo.

Haya, shika kalamu. Tufe linaachiliwa mita 2 juu, kasi ya mbele 9, ya kupanda 9. Linaanguka wapi, na jibu la hasi linasema nini? Niletee bwenini kabla ya kengele ya preps.