Krismasi barabarani, theluji ikianguka

Swali: Krismasi tutaendesha gari na watoto kutoka Minneapolis hadi Chicago. Tukikwama kwenye theluji, tufanyeje?

Jibu: Pigeni 911 na mbaki garini, dhoruba humpoteza mtu hatua chache tu kutoka mlangoni. Kabla ya kuwasha injini, fukueni theluji iliyoziba ekzosi, la sivyo kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, itaingia ndani na kuua. Washeni hita dakika 10 hivi kila saa, dirisha moja likiwa wazi kidogo. Kwa hiyo, tangi lisishuke chini ya nusu. Bebeni mablanketi, koleo, maji na chakula. Madarajani punguzeni mwendo, kwani huko barafu huganda mapema. Dhoruba ikitangazwa, ahirisheni safari. Kutangulia si kufika.