Maji Machafu Yaliyosafishwa na Miche Yetu



Kiangazi kilichopita miche mingi ya mikarafuu ilikauka kwa kiu, na mwanachama mmoja akanijia ofisini na swali. Amesikia ya kuwa Misri watu huotesha misitu jangwani kwa maji ya vyoo. Basi kwa nini yeye asichote maji ya mtaro upitao nyuma ya nyumba yake akanyweshea miche? Nimeona jawabu litawafaa wengi.

Habari ya Misri ni ya kweli. Karibu na mji wa Ismailia, kwenye nchi ya mchanga ambako mvua haitoshi hata kuotesha mti mmoja, upo msitu uitwao Serapium. Ulianza kupandwa katika miaka ya 1990, nao hunyweshewa maji machafu ya mjini yaliyokwisha kusafishwa, yakipitishwa katika mipira yenye vitundu, tone kwa tone. Mna mikangazi, mikaratusi na mivinje, miti ambayo sisi tunaijua. Hustawi kwa sababu maji yale yamebeba naitrojeni na fosforasi, chakula kile kile tunachokitafuta katika samadi.

Lakini neno lenyewe ni "yaliyosafishwa". Njia nyepesi ya kusafisha ni mabwawa, kama yaliyojengwa Dar es Salaam. Maji hutulia bwawani siku nyingi. Uchafu mzito huzama, na mayai ya minyoo huzama nao. Vijidudu hula uchafu uliobaki, na jua huua vingi vya maradhi. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilishauri maji ya kunyweshea miti yakae mabwawani siku 8 hadi 10, na katika lita moja lisizidi yai 1 la minyoo. Maji ya mtaro hayakukaa hata saa moja.

Kwa miti ya matunda shirika lile liliongeza masharti: maji yakomeshwe wiki mbili kabla ya kuchuma, yasirushwe juu ya majani, na tunda lililoanguka lisiokotwe. Hapo ndipo pagumu kwetu. Karafuu hatuioshi, huchumwa, ikachambuliwa kwa mikono, ikaanikwa jamvini, na zilizoanguka chini ya mti huokotwa pia. Msitu wa Serapium ni wa mbao, hapana aulaye.

Atasema mtu, mche wa leo hautazaa mpaka ipite miaka mitano au zaidi, basi karafuu yake itadhurika vipi? Ni kweli, karafuu haitadhurika. Atakayedhurika ni mchotaji mwenyewe, na watoto wachezao pale bila viatu, kwani mayai ya minyoo hukaa udongoni miezi mingi. Na maji yaliyotuama huweza kulea konokono wa kichocho, maradhi tuliyoyachoka.

Tena niliulizwa juu ya najisi. Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lilitoa fatwa mwaka 1978, ya kwamba maji yaliyosafishwa hata ikaondoka rangi, ladha na harufu ya najisi huwa tohara, maadamu hayana madhara kwa afya. Maji ya mtaro hayafikii hata sharti la harufu.

Nilimwambia yule bwana aache mtaro, atazame maji ya udhu. Msikiti wa mtaa wake humwaga maji mengi kila siku, nayo yana uchafu mdogo sana. Ayamwage shinani, jioni, wala asiyaache yatuame, maana mkarafuu hauvumilii maji yaliyosimama. Maji ya kufulia asiyatie, chumvi ya sabuni hujikusanya udongoni. Shina alizungushie majani makavu, na mche autilie kivuli cha makuti. Hayo pekee hupunguza maji anayohitaji.

Amekwisha kuomba ruhusa kwa kamati ya msikiti ili achimbe mfereji. Mwenye kutaka kuuona aje ofisini Jumamosi baada ya adhuhuri, tutakwenda pamoja.

Katibu