SOMA MKIA WA JINA LA DAWA YA PRESHA

Leo kitabu chetu ni pakiti ya dawa. Kama nyumbani kwako hapa Utemini yuko mtu anayemeza vidonge vya presha, mwombe pakiti uisome. Jina ni refu, usiogope. Tazama mkia wake tu.

Je, jina linaishia na herufi hizi: -thiazide? Hicho ni kidonge cha kukojosha. Huzifanya figo zitoe maji na chumvi, na presha inashuka. Lakini chumvi haitoki peke yake. Hutoka pamoja na madini yaitwayo potasiamu, ambayo moyo na misuli huyahitaji. Yakipungua sana, miguu huishiwa nguvu, misuli hukaza, moyo hudunda ovyo. Wengine husema, "Dawa hii kali mno," wakaacha kumeza. Hapo ndipo penye hatari. Presha hupanda kimya, bila maumivu, na siku moja mtu anaanguka kwa kiharusi.

Kidonge hicho chaweza pia kupandisha sukari katika damu. Kukojoa mara nyingi ni kazi ya dawa yenyewe, kwa hiyo ni rahisi kudanganyika. Lakini ukiona na kiu isiyokwisha, unakonda, na macho yana ukungu, nenda ukapimwe sukari. Tena chaweza kuleta jongo: kidole gumba cha mguu kinavimba na kuuma usiku kama kimewekewa kaa la moto. Pombe huzidisha jongo, hata kama wazee wetu hawapendi kusikia hivyo.

Soma na namba. Dawa hizi zilipoanza, mwishoni mwa miaka ya 1950, watu walipewa miligramu 50, 100 au zaidi kwa siku. Siku hizi kawaida ni 12.5 au 25, na madhara yamepungua.

Mkia wa -pril ni kinyume: dawa hiyo huzuia potasiamu isitoke. Basi jirani akikwambia, "Kula ndizi kwa wingi, mimi zilinisaidia," muulize kwanza mkia wa dawa yake. Mwenye figo dhaifu anayemeza -pril, potasiamu ikizidi yaweza kusimamisha moyo wake.

Ukijisikia vibaya, usiache dawa wala usiazime ya mwenzako. Nenda na pakiti zahanati, mwambie mganga unavyojisikia. Aweza kupunguza kipimo au kubadili aina.

MASWALI YA KUJADILI
1. Dawa ya presha nyumbani kwako ina mkia gani? Ni ya miligramu ngapi?
2. Kwa nini ndizi zamfaa mgonjwa mmoja na kumdhuru mwingine?