Mdogo wangu, usiirudishe runinga dukani kwanza

Njoo ukae hapa karibu yangu, tuzungumze kuhusu ile runinga. Najua ilivyokuwa. Ulipita Kariakoo, ukaona inchi 55 za 4K ukutani, ndege anaruka na kila unyoya unaonekana, na pesa ya mchezo ndiyo kwanza umepokea. Kufika nyumbani ukachomeka king'amuzi, taarifa ya habari ikatoka ina ukungu, mbaya kuliko kwenye runinga ya zamani. Sasa mgeni akiuliza bei unageuza mazungumzo. Pole, mwaya. Yamewakuta wengi.

Kile kioo kina nukta zaidi ya milioni 8, mara nne ya Full HD. Dukani kilikuwa kinaonyesha video iliyopigwa kwa 4K. Lakini chaneli ya ubora wa kawaida inakuletea nukta kama laki nne tu. Runinga ifanyeje? Inaitandaza kila nukta ijaze nafasi ya ishirini. Sahani kubwa haiongezi pilau, mdogo wangu.

Sikatai, runinga za sasa zimependeza. Ila utamu wenyewe, kwa macho yangu, hauko kwenye wingi wa nukta, uko kwenye mwanga na giza. Ile ya OLED kila nukta inawaka na kuzima yenyewe, kwa hiyo usiku kwenye filamu unakuwa usiku kweli, si kijivu. Na filamu ya HDR, iliyotengenezwa ionyeshe mwanga mkali na giza zito kwa pamoja, ikikutana na kioo chenye nguvu, sura zetu nyeusi zikiwa kivulini hazimezwi; unaona jicho, unaona jasho. Hilo ndilo la kulipia. Jihadhari tu, runinga nyingi za bei poa zimebandikwa HDR wakati taa zake ni dhaifu.

Na siku ukienda kununua nyingine, usisahau wauzaji walio hodari wa maneno. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Boksi likiandikwa kwamba runinga "inapokea" 4K, uliza kioo chenyewe kina nukta ngapi: unataka kusikia 3840 kwa 2160. Ukijibiwa 1366 kwa 768, aga kwa heshima, uondoke. Halafu pima sebule yako. Ukikaa mita tatu kutoka kwenye inchi 43, jicho halitaona tofauti ya 4K na Full HD, utakuwa umelipia usichokiona. Na bando je? Netflix kwa 4K inaweza kula hata GB 7 kwa saa moja. Usije ukamnunia mumeo kwa bando ulilolimaliza wewe.

Wewe uliyekwisha kununua, acha kujilaumu. Shika rimoti. Ukikuta picha iko kwenye Vivid, ihamishie kwenye mtindo wa sinema, na ule ulaini unaofanya filamu ionekane tamthilia ya mchana uuzime. Kisha chungulia nyuma. Ukiona king'amuzi kimeungwa kwa waya wa njano, nyekundu na nyeupe, umempata mchawi: waya ule haupitishi HD hata ukiulilia. Weka wa HDMI, utafute chaneli za HD. Na kama king'amuzi chako hakina tundu la HDMI, basi hicho ndicho cha kubadilisha, runinga iache ilipo.