KIJANA, UNA NJAA YA NINI?



Je, umewahi kula ukashiba, na bado moyoni unasikia kuna kitu kinapungua? Kijiweni una wenzako tele, lakini usiku ukifika unajiona uko peke yako? Usishangae. Mwanadamu hana njaa moja. Ana njaa nyingi, na kila njaa ina chakula chake!

Mwaka 1943 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Abraham Maslow, aliyapanga mahitaji yetu kama ngazi:

1. Mwili: chakula, maji, usingizi.
2. Usalama.
3. Kupendwa na kuwa na wenzako.
4. Kuheshimiwa.
5. Kufikia kile unachoweza kuwa.

Kuhitaji si dhambi. Shida iko wapi basi? Ni pale unapoipa njaa moja chakula cha njaa nyingine. Dada anataka kupendwa, anapewa chipsi na simu na mume wa mtu. Kaka anataka heshima, anavuta bangi ili kundi limwone mwanamume. Asubuhi njaa iko palepale, tena imeshazaa mzigo mwingine.

MTAZAME ELIYA

Soma 1 Wafalme sura ya 19. Nabii huyu alitishwa na malkia Yezebeli, akakimbilia jangwani, akakaa chini ya mti, akaomba afe. Je, Mungu alimgombeza? La! Alimwacha alale. Malaika akamwamsha, akampa mkate na maji. Akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala. Mkate ulitangulia, maneno yakafuata!

Ndipo akatembea siku 40 mpaka mlima Horebu. Huko akalalamika kwamba amebaki peke yake. Akajibiwa kwamba wako wengine 7,000. Akapewa kazi ya kufanya, akapewa na Elisha wa kufuatana naye.

Umeona? Mwili ulipata mkate. Upweke ulipata mwenzi. Kukata tamaa kulipata kazi.

NA WEWE JE?

Kabla hujaamua lolote, jiulize: hii ni njaa gani?

- Umechoka? Lala kwanza.
- Huna hela? Kamari itakula na hiyo kidogo. Tafuta wenzako waaminifu mcheze upatu, muanze hata na genge la nyanya.
- Mpweke? Mwendee mama, shangazi au mwalimu, useme. Usinyamaze.
- Umefika alipofika Eliya, unatamani kufa? Usikae peke yako usiku wa leo! Mwambie mtu, akupeleke hospitali.

Na ile njaa ya kujua uliumbwa kwa ajili ya nini? Hiyo pombe haifiki. Mwambie Mungu, hapo hapo ulipo, kwa maneno yako mwenyewe. Aliyemlisha Eliya hakungoja kwanza apate nguvu za kusimama.

Usiseme kesho. Anza leo!